Siku ya Mkate kwa Mama Sare

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa kuwa alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na sita katika kibanda chenye cherehani mbili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Mumewe alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Yeye aliitwa Tanuri, jina alilopewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kulalamikia joto.

Mwokaji hana sikukuu. Siku watu wanapopumzika ndipo mikate inapoliwa kuliko siku zote, hivyo watoto wa Tanuri walipokuwa wadogo waliichukia kazi ya baba yao. Wenzao wametoka na baba zao wamevaa nguo mpya, wao baba yao yuko kiwandani, na akirudi analala fofofo, unga umemganda kwenye nyusi.

Tanuri akaona hapana. Kiwanda kilizima matanuri mara nne kwa mwaka ili yasafishwe, na siku hizo nne akazifanya sikukuu za nyumba yake: Siku ya Mkate, Siku ya Viazi, Siku ya Mayai na Siku ya Supu. Kila moja ilikuwa na sheria yake. Siku ya Viazi, kisicho na kiazi hakiingii mezani. Siku ya Mayai, anayevunja yai kabla ya wakati anaosha vyombo vyote, awe mtoto, awe mgeni. Kubwa kuliko zote ilikuwa Siku ya Mkate. Tanuri alikanda unga mbele ya watu, akaoka umbo waliloagiza watoto: mamba, kiatu, na mwaka mmoja mwalimu mkuu mwenye kitambi. Majirani walicheka, kisha wakaanza kubisha hodi wakijifanya wamepita tu. Watoto wakakua, wakaondoka nyumbani, lakini siku hizo nne waliziheshimu.

Halafu ukaja mwaka ambao, miezi minne kabla ya Siku ya Mkate, Tanuri alianguka kiwandani huku ameshika koleo la kutolea mikate. Kiharusi. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, maneno yakarudi moja moja. Kilichogoma kurudi ni koo. Akinywa maji, yalipotea njia na kuelekea kwenye mapafu.

Hospitali walimkabidhi kwa binti mmoja mtaalamu wa kumeza, ambaye nyumbani walimwita Dada wa Koo. Alimfundisha Mama Sare kuyafanya maji yawe mazito kwa unga maalumu, kuponda kila chakula, na kuhakikisha mzee anainamisha kidevu kabla ya kumeza.

"Na mkate?" Mama Sare aliuliza.

"Mkate ndio adui namba moja, mama. Unagandana kama gundi. Ukinasa kwenye koo legevu hauendi mbele, haurudi nyuma."

"Sasa akipaliwa nifanyeje?"

"Akikohoa, mwache akohoe. Usimpe maji, usimpige mgongo. Koo linapigana hapo. Wewe uogope akinyamaza. Akinyamaza na hapumui, ndipo umwinamishe, umpige mgongoni kwa nguvu, na mtu apige simu."

Tangu siku hiyo Mama Sare akawa mtu wa kusikiliza. Alifunga kibanda, akawaambia wateja waende kwa fundi mwingine, akakaa nyumbani masikio yamesimama. Tanuri akiwa bafuni, yuko nyuma ya mlango. Tanuri akisafisha koo, anaacha sufuria jikoni na kuja mbio, mwiko mkononi. Siku moja mzee alipiga chafya tu, na sahani mbili zikaenda na maji. Alikonda mpaka pete ikawa inacheza kidoleni.

Binti yao mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alimwambia, "Mama, utaugua wewe sasa."

"Nikiugua nitapona. Huyu akipaliwa sitapata wa kumuuliza."

Siku ya Mkate ilipobaki wiki moja, Mama Sare alijikaza akalitoa lililomkaa moyoni. Walikuwa wamekaa sebuleni: yeye, Tanuri, binti mkubwa, na wifi yake, yaani dada yake Tanuri, mwanamke wa miraba minne aliyeuza vitambaa sokoni na kusema lolote lililomjia.

"Nimefikiri," alisema Mama Sare, macho kwenye sakafu. "Mwaka huu tutangulize Siku ya Supu. Supu nzito kila mtu anaweza."

Tanuri akaupiga mguu wa kiti kwa mkono wake mzima.

"Mkate," alisema. Neno lilitoka limepinda, lakini lilisikika.

"Baba watoto, watu watakula mbele yako nawe unatazama? Mimi siwezi."

"Mkate."

"Mwacheni kaka yangu," wifi alidakia. "Mtu aliyelisha mji mzima, leo anafichwa mkate kama mwizi! Hata kipande kidogo kitamdhuru nini?"

Maneno hayo Mama Sare aliyaweka akiba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye tangu dakika hiyo alimtazama wifi yake kwa jicho la pembeni.

Siku ikafika. Kwa kuwa mkono wa Tanuri haukuwa na nguvu ya kukanda, kazi ilimwangukia Mama Sare, ambaye katika ndoa nzima hakuwahi kuugusa unga siku hiyo. Mikono yake ilizoea kitambaa, na kitambaa ukikikosea unafumua. Unga haufumuki. Alimimina maji mara moja, yakawa mengi.

"Maji yamezidi unga, wifi!" alicheka yule wa sokoni, na binti mkubwa akaficha uso kwenye kanga yake.

Tanuri, aliyeketi mwisho wa meza, alinyoosha kidole kwenye mfuko wa unga. Ongeza. Akazungusha kiganja. Kunja. Akasukuma hewa. Sukuma. Mwisho uvumilivu ukamwishia, akauingiza mkono wake mgonjwa kwenye beseni, akakanda kando ya mikono ya mkewe. Vidole viwili vilifanya kazi, vitatu vilifuata nyuma kama watu waliochelewa. Mama Sare alitamani kulia, lakini hakuwa na nafasi. Alikuwa anapiga hesabu ya watu, ya viti, na ya umbali kutoka kiti cha mzee hadi sahani ya mkate. Alikuwa ameiandika namba ya gari la wagonjwa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, kisha akairudia kichwani kama mtoto anayekariri.

Mjukuu wa miaka mitano, mtoto wa binti mkubwa, ndiye aliyeagiza umbo la mwaka huo. "Nataka mkate wa tembo, lakini amelala, kwa sababu bibi hajui kutengeneza miguu."

Tembo akaingia kwenye jiko. Nyumba ikajaa harufu, na hiyo harufu ilikuwa mateso mapya, maana Mama Sare aliona shingo ya mumewe ikipanda na kushuka, akimeza mate. Hata mate yalimtia hofu.

Mezani walikula kama watu walio kwenye chumba cha mtihani. Kila mmoja alimega kipande kidogo na kutafuna kwa aibu, akijitahidi kisisikike. Tanuri alikuwa na bakuli lake la viazi vilivyopondwa. Aliomba kipande anuse tu. Binti mkubwa alimtazama mama yake, mama akatikisa kichwa, kisha akaona macho ya mumewe, akakubali. Akanusa muda mrefu. Akakibonyeza ukoko, akakiweka karibu na bakuli.

"Babu, tembo wangu ana harufu nzuri?" mjukuu aliuliza.

Tanuri akainua kidole gumba. Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, hata Mama Sare, na katika kucheka huko akakumbuka maziwa yaliyobaki jikoni. Hatua saba kwenda, saba kurudi. Akaenda.

Alikuwa ameshika birika aliposikia kikohozi.

Hakumbuki aliliacha wapi. Alipofika sebuleni, Tanuri alikuwa ameushika ukingo wa meza, mishipa imemsimama, macho yamejaa maji, na pale karibu na bakuli hapakuwa na kitu. Wifi alikuwa amekwisha simama, mkono juu, tayari kumtandika kaka yake mgongoni.

"Usimguse!" Mama Sare alipiga ukelele. "Umempa! Umempa wewe!"

"Mimi?"

"Mama, maji?" Binti mkubwa alikuwa na glasi mkononi.

"Weka chini! Asimguse mtu yeyote. Anakohoa. Acheni akohoe."

Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya: kusimama bila kufanya kitu. Alipiga magoti mbele ya mumewe, mikono yake mwenyewe ameikamata nyuma isije ikamponza, akasema, "Kidevu chini, baba watoto. Kohoa. Tena. Tena." Alisikiliza kikohozi kile kama mtu anayesikiliza injini kwenye mlima. Kikaja kikubwa, kikaja kidogo. Kisha kikakatika.

Kimya. Binti mkubwa alikimbilia mlangoni kwenye ile namba. Mama Sare aliinuka, akamshika mumewe kifuani ili amwinamishe, kiganja kimeshapanda juu.

Tanuri akakohoa. Donge la mkate, dogo kama kitufe cha shati, likadondoka kwenye kitambaa cha meza. Akavuta pumzi iliyopiga mluzi, akavuta nyingine, na ya tatu ikaja laini.

Mzee akajifuta macho, akamtazama mkewe, akapambana na ulimi wake.

"Chumvi," alisema. "Imepungua."

Mama Sare alitoka. Alikwenda stoo, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia kwa hasira. Alilia miezi minne kwa mkupuo mmoja. Aliporudi, amenawa uso, alimkuta wifi yake kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani kama abiria anayesubiri kuitwa.

Mjukuu alikuwa amekwisha eleza yote. "Babu alichukua mwenyewe. Aliniambia hivi." Akaweka kidole mdomoni: nyamaza.

Tanuri alitazama dari.

"Wifi," Mama Sare alisema, "nimekusingizia mbele ya watoto. Nisamehe."

"Kwa mdomo wangu huu? Hata mimi ningejisingizia." Wifi akauweka mkoba chini. "Ila nilitaka kumpiga mgongo, wifi. Ningemuua ndugu yangu kwa mapenzi."

Wakashikana mikono.

Jumatatu Mama Sare alimpeleka mshitakiwa kliniki, akasimulia bila kuficha hata nukta. Dada wa Koo alimsikiliza Tanuri kifuani mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi, lakini wampime joto kwa siku tatu. Kisha akamgombeza mzee wa umri wa baba yake kama anavyogombezwa mwanafunzi mtoro, naye akainamisha kichwa.

"Lakini kikohozi hicho kilikuwa na nguvu," aliongeza. "Mwezi uliopita asingeweza." Akaagiza mkate, akaondoa ukoko, akaloweka ndani ya maziwa mazito mpaka ukawa laini kabisa. Kijiko kimoja cha chai. Kidevu chini. Mama Sare alifumba macho.

Tanuri alimeza vijiko vinne siku hiyo. Joto halikupanda, siku tatu zikapita, na ya nne Mama Sare akafungua kibanda, asubuhi tu, wifi akikaa na mgonjwa kabla ya kwenda sokoni. Alishona kola tatu. Kila alipoinua mguu kwenye cherehani na kelele ikakatika, alitega sikio kuelekea nyumbani, ingawa kutoka pale hakuna ambacho angeweza kusikia. Mteja wake wa kwanza, mama mwenye watoto mapacha, alimwona akisikiliza, akamwuliza kama kuna mtu anayemsubiri.

"Hapana," alisema, akanyoosha kitambaa. "Nipe kipimo cha kiuno."