Vitofali Juu ya Uchaga

Baba yangu alikuwa mpishi wa Wazungu wa karanga pale Nachingwea, na sijapata kumwona mtu mzima aliyependa kuchezea kitu kama yeye alivyopenda vile vitofali. Nasema kuchezea kwa sababu ndilo neno lenyewe. Angelisikia angenikata jicho. Yeye alisema anajenga.

Vilikuwa vya mtoto wa memsabu aliyempikia. Mtoto alipopelekwa shule kwao Ulaya, vitofali vilibaki kabatini ndani ya boksi la karatasi ngumu, vyekundu na vyeupe. Havikuwa mti, wala chuma, wala udongo. Neno plastiki tulikuwa hatujalisikia. Kila kimoja kilikuwa na vinundu mgongoni na uwazi tumboni, na ukikibandika juu ya mwenzake kiling'ang'ania kama kupe. Siku moja memsabu alimkuta baba ameduwaa navyo mkononi, kitambaa cha vumbi kimemwanguka. Akacheka, akamwambia avichukue, mimi binti yake nivichezee mpaka siku watakapofunga mizigo. Lakini virudi vyote, tena virudi kama vilivyo.

"Hii ni amana," baba aliniambia alipoliweka boksi juu ya mkeka. "Amana unaijua?"

Niliijua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilishasikia mara nyingi habari za wanaoharibu amana za wenzao na yanayowangoja.

Kazi ya mpishi ina nafasi katikati, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kile cha jioni. Baba alikuwa akija nyumbani saa hizo kulala. Tangu vitofali viingie, usingizi ulimhama. Alivua viatu, akakunja miguu mkekani, akasema, "Haya, fundi, leo tunajenga nini?" Fundi nilikuwa mimi. Tulijenga daraja la Nanganga, na nguzo zake tukazikosea mara nne kabla hazijasimama. Tulijenga winchi ya relini, kamba yake uzi wa kushonea wa mama. Tulibishana kama majirani wenye mpaka mmoja. Mimi nilipenda vitu virefu, yeye alipenda vitu visivyoanguka. Mama alipita na ungo wake akisema nyumba hii sasa ina watoto wawili.

Kitu alichokirudia kuliko vyote kilikuwa nyumba. Vyumba vitatu, ukumbi katikati, dirisha kila chumba. Alisema ndiyo nyumba atakayoijenga kwao Mbekenyera, upande wa Ruangwa, kwa matofali ya kuchoma, akishapata vya kuijengea. Alipima kwa kitofali: kimoja ni hatua moja. Kisha tuliibomoa, tukavihesabu vyote tisini na sita vikiingia boksini, kwa sauti, kama watu wanaosoma dua.

Mpango ule wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanza kufa, ulikufa haraka. Matrekta yalisimama porini yakiota majani, na kila wiki gari lilichukua Wazungu na makabati yao. Baba hakuogopa sana. Hospitali moja ya misheni ilikuwa inatafuta mpishi, naye alihitaji kitu kimoja tu: barua ya memsabu. Siku zile mpishi bila barua alikuwa mtu wa barabarani tu. Na barua haikutosha kusema kwamba mtu anajua kupika. Ilitakiwa iseme ni mwaminifu. Akiipata, tungebaki karibu na mji, nami ningebaki shule. Asipoipata, tungerudi Mbekenyera kushika jembe, na shule ya huko ilikuwa mbali mno kwa mtoto wa kike.

Jumatatu ya wiki ile mama alikwenda msibani Naipingo, akaniachia jiko. Jumanne baba aliniambia akiwa mlangoni, "Memsabu anaondoka Jumamosi. Ijumaa asubuhi nampelekea boksi lake, na ameahidi siku hiyohiyo ataniandikia." Alikuwa anafunga mizigo ya watu kutwa nzima, kwa hiyo wiki hiyo hakukuwa na kujenga.

Mchana uleule niliinua boksi nikaona mchwa. Masika yalikuwa yamelowesha sakafu, na mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo toka ukutani mpaka chini ya boksi, wameanza kulila. Nikawafuta, nikatafuta mahali pa kuliweka. Nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kike wa kwetu angefanya. Kitu cha thamani kisichotakiwa kuguswa na mchwa wala dumuzi kina mahali pake: juu ya uchaga, ule ulingo wa fito ulio juu ya mafiga, ndani ya moshi. Ndipo mama alipoweka mahindi ya mbegu na kibuyu cha ufuta wa kupanda. Nikapanda juu ya kinu, nikaliweka boksi katikati ya mbegu, nikajisifu. Nilijiona mtu mzima.

Kisha nikabandika mbaazi. Mbaazi kavu zinataka moto, nami niliupa moto kuanzia mchana hadi jioni, na kesho yake tena.

Jumatano alasiri nililishusha. Vya juu vilikuwa salama. Vya chini vilikuwa vimejikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani. Nikachukua kimoja nikajaribu kukibandika juu ya mwenzake. Kikakataa. Kingine, kikakataa. Vilivyokataa vilikuwa kumi na kimoja. Nilikaa chini nikavitazama, na nakumbuka nilihisi baridi jikoni mle kwenye moto.

Ningeweza kumwambia jioni ileile. Baba hakuwa mtu wa fimbo. Lakini alirudi amechoka na amefurahi, akala mbaazi zangu akazisifu, akaanza kunieleza jinsi mpishi wa hospitali anavyopewa nyumba yenye bati. Nikajiambia kesho nitavitengeneza, kwa nini nimharibie chakula?

Watu husema dawa ya moto ni moto. Alhamisi nilichemsha maji nikavitumbukiza humo, nikidhani vitalainika nivinyooshe. Vililainika kweli, vikajikunja zaidi. Nikavipanga chini ya jiwe la kusagia nikalikalia. Vyekundu viwili vikalia tap, tap, vikapasuka. Ndipo nikaacha kulia nikaanza ujanja, na ujanja wa mwizi ni mbaya kuliko machozi yake.

Tulikuwa na makopa, muhogo mkavu mweupe, kapu zima. Nikachukua kisu kidogo cha mama nikachonga. Sijui niseme nini, mikono yangu ilikuwa mizuri. Nilichonga vitofali sita vya muhogo, na vinundu vyake, na uwazi wake tumboni, nikavisugua kwa jani la msasa mpaka vikang'aa. Kwa mbali usingevitofautisha. Hakuna kitu nimewahi kukitengeneza kwa uangalifu kama uongo ule. Vyeupe vilivyoharibika nikavitupa chooni. Vyekundu vitano, hata vile vilivyopasuka, sikuwa na cha kuvibadilisha, nikavificha chini kabisa, na juu yake nikapanga vizima. Mama aliporudi jioni aliniuliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi. Walau hilo halikuwa uongo.

Ijumaa asubuhi baba alivaa kanzu yake ya kazi iliyopigwa pasi. Mama alikuwa nje anakoka moto. Nikamletea boksi mwenyewe, nikaliweka mbele ya kigoda chake, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Vimetimia?" aliuliza.

"Vimetimia, baba."

Alifungua kifuniko. Nilitegemea atahesabu, na nilishajiandaa kuhesabu naye kwa sauti. Hakuhesabu. Alichukua kimoja cha juu, chekundu, kizima, akakiinua mpaka puani. Akakaa nacho hapo. Kisha akakirudisha, akafunika, akainama kuvaa viatu.

Alifunga kamba za kiatu cha kulia, kisha za kushoto. Akazitazama, akazifungua, akazifunga tena. Mimi nimesimama. Neno la kusema ninalo, neno dogo tu. Nje mama alikuwa anakohoa moshi. Baba alizifungua kamba kwa mara nyingine, taratibu, kama mtu anayejifunza, akazifunga. Nikawaza: ana wasiwasi na barua, ndiyo maana hata viatu vinamshinda. Kisha akasimama, akaweka boksi kwapani, akasema, "Haya, mwanangu," akaenda.

Siku ile nilitwanga mpaka mama akaninyang'anya mchi. Nilisikiliza kila hatua njiani. Nilimwomba Mungu memsabu asifungue boksi, nikamwomba afungue nife mara moja, nikamwomba gari lao liondoke leo badala ya kesho. Mungu na aniwie radhi, nilimchosha.

Baba alirudi alasiri na boksi kwapani. Alilitua mkekani akakaa kando yake bila kuvua viatu.

"Amekuachia?" mama aliuliza.

"Alitaka kuvihesabu," baba alisema. "Akashika cha muhogo, kikamvunjikia mkononi. Akaniuliza, 'Nani fanya hii?' Nikamwambia ni mimi. Niliviweka juu ya uchaga visiliwe na mchwa, moto ukaviharibu, nikaona haya, nikachonga vingine."

Mama alishika kiuno. "Wewe? Mwanamume mzima, uchaga umeujua lini? Hata mbegu zako unaniuliza mimi ziko wapi!" Akacheka. Kisha kicheko kikamkatikia, akageuza macho polepole kwangu.

"Nimesema ni mimi," baba alisema. Hakupandisha sauti. "Mambo yameisha."

Na hapo pia nilikuwa na nafasi. Watu wawili wananitazama, au mmoja ananitazama na mwingine anatazama sakafu, na mlango wa kusema uko wazi kama wa msikiti. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani.

Barua alipewa. Memsabu hakuwa mtu mbaya. Iliandikwa kwamba amepika kwake miaka mitatu, kwamba mkate wake ni mzuri na yeye ni msafi. Karani wa hospitali aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akamuuliza, "Na uaminifu? Mbona hakuna neno la uaminifu?" Kazi alipewa mwingine.

Tulirudi Mbekenyera kabla ya mavuno. Baba, aliyejua kupika samaki wa Kizungu na mchuzi wake mweupe, alijifunza upya jembe, na viganja vyake vilipasuka mwaka mzima. Alilima ufuta, akapanda mikorosho. Mimi shule iliishia pale. Boksi lilikuja nasi, likiwa na vitofali vile vilivyobaki, nasi hatukujenga tena. Sikumbuki nani alianza kutolifungua. Kila mwisho wa mavuno alinipa mbegu mkononi, hakumpa mama, akisema, "Kaziweke uchagani." Alisema hivyo tu, na kila mara nilihisi nimechapwa, ingawa sura yake ilikuwa ya kawaida.

Nyumba aliijenga. Ya vyumba viwili, si vitatu, na ya udongo, si ya kuchoma. Lakini alipoanza kupima msingi alilifungua boksi akatoa kitofali chekundu, akapima mchoro wake mchangani, kimoja hatua moja. Nilimwona kwa mbali, nikageuka.

Nilimwambia alasiri ya kuamkia ndoa yangu, zaidi ya miaka saba baadaye. Wageni walikuwa wameanza kufika, naye amekaa kwenye kigoda mlangoni, anajiandaa kwenda kuwapokea wengine barabarani. Viatu vilikuwa vilevile vya Nachingwea, vilivyobadilishwa soli mara nyingi. Sikuweza kwenda kwa mume na kitu kile tumboni. Nikapiga magoti mbele yake, kama binti anayeomba radhi za wazazi, na radhi niliyoiomba haikuwa ya kawaida.

"Baba, vile vitofali. Aliyeviweka uchagani ni mimi."

Alikuwa ameshika kamba za kiatu. Hakushtuka. Alinitazama, na nikaona jinsi alivyozeeka, na jinsi jembe lilivyomgeuza mikono iliyokuwa ikipasua mayai bila kuvunja kiini.

"Vilinuka moshi," alisema. "Nilijua kabla sijavaa viatu."

"Basi kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungejibu kwa kuogopa swali. Nilitaka useme mwenyewe. Ungesema, ningemwambia memsabu kabla hajafungua boksi. Mtu akisema kabla hajaulizwa, bado ni mwaminifu. Pengine angeliandika lile neno."

"Ungemwambia tu, baba, hata bila mimi."

"Ningekuwa nimekusemea. Nilikupa nafasi ya kutosha." Alifunga kamba ya kulia, akahamia ya kushoto. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, kama mtoto, na wageni wakidhani ni machozi ya bibi harusi. "Nilifunga kamba hizi mara tatu asubuhi ile, mwanangu. Mara ya nne ningechelewa kazini."