Mama Kasoro na Kioo cha Vitundu

Wateja ndio waliompa jina la Mama Kasoro, naye hakulikataa, maana alikuwa amelitolea jasho. Kila alichokiuza mtandaoni, kiwe taa ya shaba, saa ya ukutani au fremu ya picha, alikitangaza kwa ubaya wake. Picha ya kwanza ilikuwa ya ufa. Ya pili ilikuwa ya doa. Mtu alipita picha tatu nne za aibu kabla hajakiona kitu chenyewe kizima, kimesimamishwa mbele ya pazia jeupe la sebuleni. Chini yake maneno yalikuwa machache: "Mguu mmoja umeungwa gundi. Mlango haufungi vizuri. Ni cha zamani kweli."

Wenzake katika biashara hiyo walimcheka. Wao walikigeuzia ukutani kile kilichovunjika, wakaandika "hali safi kabisa", wakauza kumi yeye akiuza kimoja. Lakini vyao vilirudi na matusi. Chake kikienda kimeenda.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo ilikuwa imemkalia magotini. Vitu vya zamani havimfuati mtu nyumbani. Hufuatwa ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, au kwenye stoo ambayo haijafunguliwa tangu mwenyewe afariki, huku ndugu wa marehemu wakitupiana macho kila anapogusa kabati. Kisha kuna kusugua, kukausha na kupaka nta. Kisha kuna simu, na simu ilimchosha kuliko ngazi. "Bado ipo?" Ipo. "Mwisho kabisa?" Anataja. Kimya. Baada ya siku mbili, mtu yule yule: "Bado ipo?"

Mumewe, dereva mstaafu, ndiye aliyefunga mizigo kwa magazeti na kamba. Katika nyumba yao hapakuwa na kiti cha kukalia bila kuuliza kwanza.

"Hiki kimeuzwa?" aliuliza kila asubuhi, kikombe cha chai mkononi.

"Kaa kwenye kile cha plastiki, baba watoto."

"Na mimi je, bado hujaniuza?"

"Nimekutangaza. Nilianza na picha ya kitambi, hakuna aliyeuliza bei."

Basi mwaka ule bahati ikaelekea kumtazama. Mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni, ambaye wafanyakazi wake walimwita Madamu, alinunua kwake kioo kirefu cha fremu ya mbao, ambacho yeye alikipata kwa dalali mmoja, akakitundika mapokezi. Kiliwapendeza wageni mno hata akampigia simu: alitaka vyumba vyote kumi na viwili vipambwe vivyo hivyo, vioo, taa, stuli na fremu, vyote kutoka kwake. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima kwa mteja mmoja. Mama Kasoro alikaa kwenye kile cha plastiki akasema, kama anayesali, "Mwaka mzima bila 'bado ipo'." Mumewe alikwenda hospitali siku hiyo hiyo kuulizia matibabu ya magoti ya mkewe.

Siku mbili kabla ya kwenda kukubaliana na Madamu, alipeleka stuli iliyolegea kwa fundi seremala. Huku fundi akipima miguu ya stuli, yeye kwa furaha akamwonyesha kwenye simu kile kioo kilichomfungulia riziki.

Fundi alikitazama, akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Mama, unanitania. Hicho si changu?"

"Chako vipi?"

"Nimekichonga mimi, kabla ya mvua zilizopita. Nimekipaka maji ya chai mara tatu, nikakizika mchangani wiki mbili."

"Fundi, usinichezee. Nimekipiga picha mwenyewe. Kina vitundu vya wadudu, kumi na tisa. Nilivihesabu nikaviandika."

"Nilivitoboa kwa msumari." Sasa hakucheka tena. "Basi dalali aliyekuuzia ndiye aliyeagiza. Alisema, weka ubovu, yule mama anaamini ubovu. Kitu kizima atakikagua mpaka jioni, lakini ukimpa kasoro anatulia. Mama, sikujua kama ni wewe. Ningejua nisingekubali."

Mama Kasoro alikuza picha kwa vidole viwili. Vitundu vyote vilikuwa na upana mmoja, na vyote vimeingia wima. Mdudu hali hivyo. Mdudu hula ovyo, kikubwa hapa, kidogo pale, tena kwa kupinda. Hilo alilijua miaka yote, na hakuliangalia, kwa kuwa alikuwa amefurahi kupata kitu cha kuungama. Kiburi cha mkweli ni kiburi vilevile, na yeye alidanganywa mahali hasa alipojivunia.

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hukudanganya. Ulidanganywa," alisema. "Kuna tofauti."

"Mpaka leo saa nne ilikuwepo. Kuanzia sasa nikinyamaza, haipo."

"Mke wangu, magoti hayo. Subiri basi tukubaliane naye kwanza, ndipo umwambie."

Aliingia chumbani kuhesabu fedha za kioo. Alijua kuwa mumewe hakuwa mtu mbaya, na alijua pia kwamba akikaa kumsikiliza atakubaliana naye.

Madamu alimpokea kwa kumshika mikono miwili. Kioo kilikuwa pale mapokezi, na pembeni yake kikaratasi ndani ya fremu ndogo: "Zaidi ya miaka themanini. Kimehakikiwa na Mama Kasoro." Wageni wawili walikuwa wakijipiga picha mbele yake. Akangoja waondoke, akasema yote: fundi, chai, mchanga, msumari. Fedha za kioo alikuwa nazo kwenye bahasha, akaiweka mezani.

Madamu hakuigusa.

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni kipya. Kijana aliyekitundika alikwaruza nyuma, mbao ikatoka nyeupe kama karatasi. Siku ya kwanza tu nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili uje ukichukue? Keti basi, mbona umesimama kama mdai?" Akamvutia kiti, kiti laini chenye mito, na Mama Kasoro akaketi kwa sababu goti lilikuwa halimsubiri. "Sikiliza, shoga yangu. Vitu vya zamani vya kweli vya vyumba kumi na viwili utavitoa wapi? Huyo fundi ana mkono mzuri. Yeye achonge, wewe uandike. Wageni wangu wanasoma ukurasa wako. Wakiona Mama Kasoro amesema kuna ufa, hawaulizi tena. Mimi sikununua kioo. Nimenunua neno lako."

"Neno langu kwamba ni cha kale."

"Kwani nani anaumia? Niambie jina la mtu mmoja anayeumia."

Mama Kasoro aliegemea mito. Kiti kile kilikuwa kizuri. Hakuwa anawaza utajiri. Alikuwa anawaza mwaka mmoja wa kukaa. Watu wema wengi huangukia hapo. Tamaa huwa wamekwisha kuishinda zamani. Wanachoshindwa nacho ni uchovu, pale mtu anapowaletea uongo ukiwa umeandaliwa kama mapumziko.

"Anayenunua neno langu anaumia," alisema mwishowe, "kwa sababu halitakuwemo ndani ya alichonunua." Akainuka kwa kushika meza. "Kioo umekataa kurudisha, sawa, ni chako. Lakini naomba uondoe hicho kikaratasi."

"Sikiondoi."

"Basi nitaandika mimi."

"Andika," Madamu alisema, na sauti yake sasa haikuwa na shoga ndani yake. "Uone nani atakupongeza. Na bahasha yako uichukue, usije ukasema nimekula chako."

"Hiyo si yangu," alisema, akaiacha pale pale mezani.

Akaandika mchana ule ule, akiwa amekaa kwenye ngazi za nje ya nyumba yake. Aliweka picha ya vitundu, akaeleza namna ya kutambua vya msumari na vya mdudu. Akasema kioo cha fremu ya mbao alichokiuza kama cha zamani ni kipya, kosa ni lake, na fedha amerudisha. Jina la mnunuzi hakulitaja. Wengine walimsifu kwa maneno matatu, wakapita. Wenzake wa biashara waliweka vicheko. Madamu akaifungia namba yake ya simu, na vyumba kumi na viwili vikaenda kwa mtu mwingine, pengine kwa dalali yule yule.

Halafu ujumbe wenye uzito ukaanza kuingia, wa watu waliomwamini tangu zamani. "Mama, na meza yangu je?" "Na ile saa uliyoniuzia?" "Kama aliyekuletea kioo alikudanganya, wengine hawakukudanganya?" Walikuwa na haki ya kuuliza. Alichukua karatasi akaandika anwani za nyumba sita alizopeleka vitu vya dalali yule.

Mumewe alizisoma begani kwake. "Zote hizi utapanda ngazi?"

"Zote."

Akashusha pumzi, akaenda kutafuta tochi, akabadilisha betri zake, akampa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu. Mwenye meza, mwalimu wa hesabu, hakumkaribisha chai. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akimtazama Mama Kasoro akipiga magoti moja baada ya lingine, akilala chali, akijisukuma chini ya meza kama makanika. Alimulika ubao wa chini polepole, kona kwa kona. Ulikuwa mweusi wa umri, na vitundu vyake vilikuwa vikubwa kwa vidogo, vimepinda kila upande. Akapitisha ukucha. Akamulika tena kutoka mwanzo, maana jicho lake mwenyewe hakuliamini tena kama zamani.

"Vipi huko, mama?" mwalimu aliuliza.

"Ni ya zamani," alisema kutoka chini. "Nipe mkono, niinuke."

Mwalimu alimtazama kidogo. Kisha akaja, akampa.