Kata

Baba yetu mdogo tulimwita Hamsini. Umeme wa nchi hupiga mapigo hamsini kwa sekunde, na yeye, mhandisi wa gridi, ujana wake wote aliukodolea macho mshale wa mapigo hayo usishuke. Ukishuka, inabidi mtu azime sehemu moja upesi, la sivyo nchi nzima inaingia gizani. Woga ulimganda. Hata nyumbani, balbu ikipepesa tu, kijiko kilimdondoka.

Serikali ikampandisha hadi ukatibu mkuu wizarani. Akapewa kiti cha kuzunguka na simu mbili, ya waziri na ya gridi. Kiti alikizoea. Simu, wapi! Vijana aliowafundisha gridi bado walimpigia mambo yakiwachachia.

Siku mama mdogo, mkewe, alipopasuliwa tumbo hospitalini, nilikaa na Hamsini ofisini tukisubiri habari. Alikwishatafuna kifuniko cha kalamu chote.

Simu ya gridi ikalia, akaipokea. Sauti ilisikika mpaka kwangu.

"Mzee, mtambo mkubwa umezimika, mshale unashuka! Nikate laini ya hospitali?"

Kabla hajajibu, karani wake alichungulia, simu ya waziri mkononi. "Bosi, waziri anafoka huku. Nimwambie nini?"

"Kata!" akamfokea karani.

"Sawa, mzee," ikajibu gridi. Simu ikafa.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukigeuka majivu vile. Alipiga, laini ina shughuli. Akapiga tena, vidole vikikosea namba, kijasho chembamba kikimtiririka. Tuliogopa, basi, sina neno jingine.

Walipopokea alipiga kelele, "Washa hospitali! Zima kwingine kokote, washa!"

"Mzee, si umesema…"

"Washa!"

Jioni tulimkuta mama mdogo amelala kitandani, mdomo mkavu, mzima. Jenereta ya hospitali ilikuwa imegoma. Daktari alimulikiwa kwa tochi za simu mpaka umeme uliporudi. Mama mdogo alikuwa macho wakati wote, maana walimtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu.

Hamsini alisimama mlangoni, hathubutu kusogea.

"Njoo, baba watoto," mama mdogo akamwita, akitabasamu. "Taa zilipozimika, wauguzi walilia. Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilijua uko kwenye simu."