Michembe na Ndugu wa Nyanya

Mama alianza kukonda muda mfupi baada ya kuhamia kwangu Buswelu. Alikuwa amevimba midomo alipokula nyanya, na daktari akamwambia aache nyanya na ndugu zake wa karibu. Nikaondoa jikoni ngogwe, zile nyanya chungu, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Bado mama alikunywa uji tu, akidai hana hamu, nami nikanuna kana kwamba anasusa mapishi yangu.

Siri ilitoka kwa jirani, mama wa Kihaya, aliponishukuru kwa mfuko wa michembe aliopewa na mama yangu. Mama aliibeba mwenyewe kutoka kijijini, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na bila hiyo kwake bado hakujakucha. Nilirudi nyumbani nimefura.

Mama akaeleza bila haraka kwamba alinisikia sebuleni nikifundisha wanafunzi wa masomo ya ziada. Nilisema kiazi kitamu na nyanya ni ndugu wa oda moja, yaani kundi moja kubwa la mimea. “Mwalimu amesema, basi,” akamalizia; “kwetu hakuna ndugu wa mbali.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikampigia daktari, akasema michembe ale tu, maana ameila maisha yake yote bila kudhurika. Kisha nikachuma nyuma ya nyumba ua la nyanya na ua la kiazi kitamu. Nikamwonyesha jinsi petali zilivyoungana kwenye yote mawili, alama ya mzazi mmoja wa zamani sana. Baadaye waliachana: nyanya na ngogwe familia yao, kiazi kitamu familia nyingine, pamoja na yale maua ya zambarau yanayotambaa kando ya ziwa.

Mama akayageuza maua kiganjani.

“Kwa hiyo waliotoka tumbo moja mnawaandika pamoja, hata kama hawajuani?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mimi na wewe tungeandikwa wapi?”

Sikutoka tumboni mwake. Baba alimwoa nikiwa mtoto mdogo niliyefiwa na mama mzazi, na neno “wa kambo” halijawahi kutoka kinywani mwangu. Nikamwambia vitabu vingetuweka mbalimbali, na kwamba nashukuru hakuviuliza siku ile ya kwanza aliponibeba mgongoni.

Aliyaweka yale maua kando. Halafu akaniagiza niende kwa jirani nikaombe michembe, hata nusu, akabandika maji jikoni.