Diski Nne za Mbaruku

Mbaruku wa Old Korogwe alipiga picha za harusi tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia bibi harusi hata mmoja atabasamu. Hakuweza. Alizaliwa Handeni kwa wakulima wa mahindi, akamaliza darasa la saba, akafuatana na mpiga picha mmoja wa minadani mpaka akaijua kazi. Kazi aliijua vizuri. Lakini akisimama mbele ya watu, ulimi ulimganda.

Aliyesema ni mkewe, Mwaija. Mbaruku alishika kamera, Mwaija alishika taa, na mdomo wa wote wawili ulikuwa wa Mwaija.

"Bibi harusi, inua kidevu mwanangu, leo tunakuoza, hatukuziki!"

"Na wewe shangazi mwenye kilemba, umemziba bwana harusi. Au unamtaka wewe?"

Watu walicheka, na ndani ya kicheko hicho Mbaruku alizipata picha zake. Ila wateja hawakupenda kuisikia sauti ile kwenye video waliyolipia. Kwa hiyo nyumbani, akikaa kwenye kompyuta, Mbaruku aliikata yote na kuweka kaswida au taarabu mahali pake. Mwaija alikuja na kikombe cha chai, akachungulia.

"Umenikata tena? Mume gani huyu, kila siku anamkata mkewe ulimi!"

Mbaruku alitabasamu tu, akaendelea kukata. Lakini alikuwa na mwiko mmoja aliofundishwa na yule mtu wa minadani: picha ya asili haiguswi. Ukitaka kukata, kata nakala. Video zote za asili, pamoja na sauti ya Mwaija ndani yake, alizihifadhi kwenye kasha jeusi lenye diski nne, kila diski kwenye droo yake. Kasha lilikaa sebuleni, ambako ndiko studio ilikokuwa.

Kisha Mwaija akaugua homa iliyoanza kama mchezo, na wakati wa mvua za vuli akafariki.

Mbaruku hakulia. Watu walisema amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, upo lakini si wako, unaubonyeza na husikii kitu. Aliambiwa kaa, akakaa. Aliambiwa kula, akala.

Sebule ilibidi itolewe vitu ili waombolezaji watandike mikeka. Wanaume walibeba makochi, meza, taa za picha. Walipofikia kasha jeusi, akaingia Mzee Stefano wa Mazinde. Babu yake Stefano alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, na Mnyamwezi kwa Mzigua kama Mbaruku ni mtani. Hata msibani, tena hasa msibani. Stefano akazichomoa droo zote nne, mbili akazibana kwapani, mbili akashika mikononi.

"Haya ndiyo meno ya Mbaruku!" alipiga kelele. "Hatafuni tena! Hayarudi mpaka watani tupewe jogoo!"

Akacheza nazo uani, akimwigiza marehemu: "Wewe shangazi, umemziba bwana harusi!" Waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yakiwatoka. Droo moja ikamponyoka, ikadunda kwenye saruji. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akaendelea kucheza. Ndivyo ilivyo desturi, na anayemkasirikia mtani kwenye matanga hutozwa jogoo wa pili. Jogoo akatolewa. Stefano akazirudisha droo kwenye kasha, kila moja kwenye tundu lililokuwa karibu naye, akampa Mbaruku mkono wa pole, na safari hii hakuwa anatania.

Khitma ilipopita na sebule ikarudishwa vitu vyake, Mbaruku akawasha kasha. Alitaka kitu kimoja: kuisikia sauti. Aliwaza kwamba labda akiisikia, ule mguu utaamka. Kasha likalia pii, pii, pii, na taa nyekundu ikawaka. Kwenye kompyuta yakatokea maneno ya Kiingereza na vitufe viwili.

Shemeji yake Sharifu alikuwepo. Alikuwa mdogo wake Mwaija, mwenye duka la simu Handeni mjini, mtu ambaye mkono wake hutangulia kichwa.

"Linauliza kama lijipange upya," alisema Sharifu. "Liambie ndiyo."

"Ngoja kwanza..."

"Shemeji, kitu kinataka kujitengeneza, unakizuiaje?" Na akabonyeza.

Taa zikaanza kumeta. Mbaruku alizitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Hazikumeta muda mrefu, kwa sababu umeme ulikatika mji mzima, na kwa mara ya kwanza Old Korogwe ulikatika wakati unaofaa. Asubuhi, kabla haujarudi, Mbaruku alilifunga kasha kwenye kanga ya mkewe, akalipeleka kwa Yusta.

Yusta alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Stefano alikuwa baba yake mdogo.

"Shikamoo, mzee Mbaruku."

"Marahaba."

"Pole tena. Nimesikia baba mdogo alikung'oa meno."

Mbaruku alitikisa kichwa. Yusta akaacha utani. Alisikiliza habari yote, ya droo, ya kudunda, ya kitufe, na hapo kwenye kitufe akafumba macho kidogo.

"Lisiwashwe tena," alisema. "Mzee, hizi diski ni kama watu wanne wanaosimulia kisa kimoja. Huyu anasema sentensi yake, anamwachia mwenzake, naye anamwachia wa tatu. Mmoja akinyamaza, waliobaki wanaweza kukisia alichotaka kusema. Huu ndio mfumo wanaouita RAID. Lakini baba mdogo amewabadilisha viti, sasa kila mmoja anasema wakati si wake. Halafu shemeji yako akaliamuru kasha lisahihishe kisa. Linasahihisha kwa kufuta kizuri."

"Wakinyamaza wawili?"

"Tunafunga duka."

Diski iliyodunda ilikuwa imenyamaza kweli. Ukiiwasha ilitoa mlio wa kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Tatu zilisomeka. Yusta alizinakili zote tatu kwenye diski nyingine, kazi iliyochukua siku kadhaa, na za asili akazirudisha ndani ya kanga.

Mbaruku alikuwa akienda pale kila siku, anakaa kwenye kiti cha plastiki. Watu wa stendi walidhani ni mlinzi.

Nakala zilipokamilika, Sharifu akaja kutoka Handeni na flashi mfukoni.

"Nimepata dawa," alisema hata kabla hajakaa. "Programu ya kurudisha mafaili, bure kabisa. Jamaa yangu ameivunja kufuli. Unachomeka kasha, unabonyeza kitufe kimoja, inatengeneza hapo hapo."

"Kitufe kimoja tena, kaka?" Yusta alisema. "Kile cha kwanza hakikukutosha?"

"Dada, mimi nauza simu siku nyingi."

"Na hizo simu ulizibonyeza hivyo hivyo?"

Sharifu akacheka, lakini flashi hakuiweka chini. Yusta akamgeukia Mbaruku.

"Mzee, vitu ni vyako, uchague wewe. Programu ziko tatu. Hiyo ya shemeji inatengeneza juu ya diski ile ile. Ikikosea, hakuna pa kurudi. Na aliyeivunja kufuli simjui, sijui ameacha nini ndani. Ya pili ni ya bure ya halali. Ni nzuri, mimi hurudishia watu picha za kadi za kamera. Lakini inaangalia diski moja moja na kuokota vipande kwa sura zao. Picha ndogo itazipata. Video ndefu iliyogawanywa kwenye diski zote nne itakuletea mkia bila kichwa. Ya tatu ni ya kulipia. Inasoma tu, haiandiki. Inajaribu kuwapanga hao wasimulizi kwenye viti vyao yenyewe, na inakuruhusu kuchungulia kabla hujalipa. Usipoona kitu, hulipi."

"Kulipia!" Sharifu alisema. "Shemeji, yaani ununue maji na mto unapita nyuma ya nyumba yako? Harusi zenyewe ni za watu, na walishapewa video zao. Waombe wao wakupe nakala, kwisha habari."

Mbaruku aliangalia mikono yake. Mambo kama haya Mwaija ndiye aliyekuwa akiyajibu. Angeuliza bei, angemtania Sharifu kuhusu kichwa chake, na jambo lingekuwa limekwisha. Sasa wote wawili walikuwa wanamtazama yeye, na ulimi ulikuwa umeganda kama siku zote.

"Za watu nilikata," alisema.

"Ulikata nini?"

"Sauti."

Sharifu hakuelewa. Mbaruku akamgeukia.

"Zile za watu zina muziki. Mwaija nilimkata. Yumo humu peke yake." Aliweka mkono juu ya kanga. "Sitafuti harusi, shemeji. Namtafuta dada yako."

Nje, mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Mombo. Sharifu aliitazama flashi yake, akaifunika kifuniko, akairudisha mfukoni.

"Hata mimi sina," alisema taratibu. "Kwenye simu yangu ujumbe wake wote ni wa maandishi."

"Basi ile inayosoma bila kugusa," Mbaruku alimwambia Yusta. "Ya asili haiguswi."

Yusta akaanza. Programu ilijaribu mpango wa kwanza wa viti, ikatoa majina ya mafaili yasiyosomeka. Ikajaribu mwingine, na mwingine. Sharifu alitoka kununua mihogo ya kukaanga, akarudi, hakuna aliyekula. Mbaruku alikaa na kanga mapajani. Hakuwa na hofu wala tumaini. Alijaribu kuvitafuta ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko, akakuta mfuko mtupu.

Mchana ukiwa umeshageuka, majina yakaanza kutokea. Harusi ya Mombo. Harusi ya Dindira. Harusi ya Handeni, ya binti wa hakimu.

"Viti vimepatikana," Yusta alisema. "Sasa tuone kile kitufe kilikula wapi."

Kilikula pakubwa. Harusi ya Mombo haikufunguka kabisa. Ya Handeni ilifunguka, ikaganda kwenye picha ya sufuria ya pilau. Majina mengine yalikuwa maganda matupu. Yusta alizipitia moja moja, na Sharifu akasimama nyuma ya kiti chake akijiuma kidole.

"Jaribu ya Dindira," Mbaruku alisema.

Ikafunguka. Picha ilikuwa imeharibika, vigae vya kijani na zambarau vikirukaruka, na katikati yake kipande cha mlima wenye chai, kisha bega la mtu. Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Zilisikika ngoma kwa mbali, na watoto. Kisha, karibu kabisa, karibu kama mtu aliyesimama begani kwako, mwanamke akavuta pumzi baada ya kupanda mlima.

"Uuh! Hawa Wasambaa wanaishi juu hivi wanamkimbia nani? Mbaruku, umewasha?"

"Nimewasha," Mbaruku alijibu.

Alilisema kwa sauti ya kila siku, bila kufikiri, akiwa ameinua kichwa kuelekea kompyuta. Yusta alisimamisha video. Sharifu alikuwa ameshageukia mlangoni, mgongo wake ukitetemeka.

Mbaruku alibaki amekaa vile vile. Baada ya muda aliona tone limeangukia kanga, akapapasa shavu lake, akakuta limelowa, naye hakuwa amesikia machozi yalipoanza.

"Nitailipia programu hii," alimwambia Yusta. "Hata kama imebaki harusi hiyo moja. Na uendelee pale uliposimamisha."