Aliyejifunza Kutoa Pole

Habari za kifo chake zilinikuta mwaloni Kibirizi, nikisubiri nifungiwe samaki wangu, migebuka. Ujumbe kwenye simu ulikuwa mfupi: dada wa maabara ametutoka baada ya kuugua siku chache, ibada ya kumuaga ni leo alasiri, kesho anasafirishwa kwao Njombe. Dada wa maabara ndilo jina ambalo mtaa wetu wote wa Buzebazeba ulimwita tangu alipohamishiwa kwenye kituo chetu cha afya. Wasomaji wangu hamkumjua, na yeye angependa mbaki hivyo hivyo. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini kuna neno nililowahi kumwambia ambalo nataka kulikiri hapa, maana kwake siwezi tena.

Kwetu Kigoma salamu haikatizwi. Mama wa Kiha akikupigia makofi taratibu na kukuambia "Mwakeye", unasimama, unaitikia, unaulizwa ya nyumbani na ya shambani, kisha na wewe unauliza yote hayo upya. Dada huyu alifika hayajui, na si kwa ugeni tu. Mwaka wake wa kwanza alikwenda msibani Kidahwe, kwa mwenzake wa kazini aliyefiwa na baba. Wanawake wengine waliingia wakilia, kama ilivyo ada. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa mfiwa pale mkekani, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee alipimwa sukari lini mara ya mwisho?" Nia yake ilikuwa njema: alikuwa amesikia dalili za marehemu zikamsumbua, akataka watoto waliobaki wawahi kupimwa. Nani angejua? Tangu siku ile akawa ni yule mwenye maringo, yule asiye na huruma.

Miaka mitatu iliyopita alimsindikiza mtoto wa dada yake kwa daktari Dar es Salaam, mtoto aliyechelewa kusema. Daktari akawa anauliza maswali, na yeye pale kwenye kiti cha pembeni akajikuta anayajibu kimoyomoyo kwa habari zake mwenyewe. Baadaye alirudi peke yake, akachunguzwa kwa siku kadhaa, akaambiwa ana usonji. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Wiki aliyorejea nilikwenda kupima malaria, akanionyesha karatasi ya daktari kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Nami, kwa wema wangu wa kijinga, nikacheka. "Wewe, dada? Usonji si wa watoto? Mbona uko sawa tu, unasalimia watu, unacheka, una kazi yako." Nilidhani nampa moyo. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akanitoboa kidole.

Tulipoonana tena, furaha ile haikuwepo. Aliniambia anafikiri alimdanganya daktari bila kukusudia, kwamba alijibu vizuri mno, kama mtu anayelitafuta jina hilo. Karibu mwaka mzima aliishi hivyo, akijiona amejivika jina la watu wenye shida ya kweli, na kuwaza kwamba kama si usonji, basi waliomwita asiye na huruma walikuwa wamemjua kuliko alivyojijua. Alifikia hadi kuanza barua ya kumwomba daktari radhi.

Kisha mama yangu akafariki, pale nyumbani Ujiji. Dada alikuja adhuhuri. Alipiga magoti mbele ya shangazi zangu, akawashika mikono mmoja mmoja, halafu akanifuata uani. "Pole sana, kaka. Mama alikuwa ananiletea mihogo kazini, anaiweka mezani, anakwenda zake. Hakuwahi kunilazimisha kuongea. Nitamkumbuka." Nilikuwa nimepewa pole nyingi siku ile, na hiyo ndiyo iliyoniliza. Alinitazama nikilia, kisha akauliza polepole, "Nimesema sawasawa?"

Akatoa daftari mkobani. Lilikuwa na ukurasa wa harusi, wa mzazi aliyejifungua, wa mama anayepiga makofi njiani: uulize nini kwanza, utazame wapi, mkono uuachie lini. Ukurasa wa msiba ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi imelegea, na juu kabisa aliandika: usiulize vipimo. Tangu asubuhi alikuwa mbele ya kioo akijifunza kunipa pole. "Si kila mtu ana lake?" aliniuliza, akimaanisha daftari.

"Hapana, dada. Mimi sijawahi kuandika salamu hata moja."

Alilifunga daftari. "Basi majibu niliyompa daktari yalikuwa sahihi," alisema, na mabega yake yakashuka.

Nimekutana na watu wengi hodari katika kazi hii ya kalamu, lakini sijui aliyenistaajabisha kama yeye. Kile ambacho sisi tunakifanya kwa mazoea, tukiwa na usingizi machoni, yeye alikijenga kwa jasho kila siku, wala hakujua kwamba ni kazi. Kwenye ibada ya kumuaga walisimama watu wanne, na wote walimsifu kwa upole wa maneno yake. Nilitamani kuwaambia upole ule uligharimu nini, nikashindwa kunyanyuka. Basi nawaambia ninyi. Mtu mzima akikuambia kwamba hatimaye amejifahamu, mwamini kwanza. Mimi nilikimbilia kumfariji, nikamwibia mwaka mzima.