Miguu ya Hindurao Iliyogoma

Hindurao Khot alimvunja shingo Dagadu Mane mchana wa jua kali, mbele ya watu elfu tatu waliokuja kwenye sikukuu ya kijiji. Mimi nilikuwa ukingoni mwa uwanja, nimebeba taulo la Hindurao. Tulikuwa tumelala kambi moja ya mieleka hapo Kolhapur kwa miaka tisa, na kazi niliyopewa na mwalimu wetu, mzee Yeshwanta, ilikuwa kumkanda Hindurao mafuta kabla hajaingia. Mlio wa shingo ile niliusikia. Wanaosimulia leo husema ulikuwa kama gogo linalopasuka. Si kweli. Ulikuwa mdogo tu, kama mtu aliyevunja njiti ya meno.

Dagadu alikuwa amemtia kidole jichoni, mwamuzi akageuza uso. Hindurao alipoishika shingo ile, mwalimu alipiga kelele, "Usimwachie!" Naye hakumwachia. Hakuwahi kufundishwa kuachia. Baba yake alimlea kwa mkanda wa kufungia ng'ombe, na mwalimu akamlea kwa fimbo ya mwanzi. Hindurao alijua kipigo kama mtoto mwingine anavyojua uji.

Dagadu alilala chali kwenye ule udongo mwekundu, macho wazi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ninyanyulieni miguu yangu, siioni."

Hindurao ndiye aliyeinyanyua. Alimbeba mpaka kwenye gari, na baadaye aliniambia kwamba ile miguu ilikuwa ya moto na mizito, kama ya mtu aliyelala usingizi. Siku hiyo hiyo walimfunga kilemba cha ushindi na kumkabidhi rungu la fedha. Mama yake Dagadu alipita katikati ya wapiga ngoma, akamtemea mate kifuani, akasema, "Utalala kama alivyolala mwanangu." Kisha akaondoka kumfuata mgonjwa wake.

Baada ya hapo Hindurao alipigana kama mbwa aliyemwagiwa maji ya moto. Kwenye mazoezi alinivunja mbavu mbili, mimi rafiki yake, na hakuomba radhi. Alimng'oa bega kijana mmoja kutoka Sangli. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuteremka kwenye shimo la mieleka, nilimwona amekaa kwenye ngazi akijifinya mapaja, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama bado ipo," alinijibu.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya tisa alitupwa. Aliyemtupa alikuwa mwepesi kuliko yeye, na mweleka wenyewe ulikuwa wa kawaida, ila kiuno kiligonga ukingo wa jiwe la shimo. Maumivu yalimpanda mgongoni, nikaona uso wake unabadilika rangi. Tulisubiri aamke. Alijiegemeza kwenye viwiko, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, akasema, "Imekwenda."

Mwalimu Yeshwanta alidhani ni uvivu. Alichukua fimbo akamchapa nyayo, viboko ishirini, thelathini, mpaka ngozi ikapasuka na damu ikaingia kwenye udongo. Hindurao alikuwa anatazama kama vile anachapwa mtu mwingine. Mwishowe mzee aliangusha fimbo, akakaa chini, akalia.

Hospitali walimpiga picha za mgongo, kisha wakamwingiza kwenye mashine kubwa inayopiga kelele. Hawakuona kitu. Daktari kijana alimwambia mke wa Hindurao, Anusaya, kwamba mumewe hana ugonjwa wowote, ampeleke nyumbani. Akarudi nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, na maneno yakatangulia mbele ya mkokoteni. Wapo waliosema ni laana ya mama Mane. Wengine walisema anajilaza makusudi kwa kumwogopa Sopan, mdogo wake Dagadu, aliyekuwa ameapa hadharani kumwaga damu.

Shemeji yake, kaka wa Anusaya, alikuwa wa kundi hilo la pili. Siku moja alikuja na chuma alichokipasha moto mekoni. Alisema, "Leo tutajua," akakibandika kwenye shavu la mguu wa kulia. Anusaya alisikia harufu akatoka mbio jikoni. Hindurao hakushtuka. Alimwangalia shemeji yake akamwambia kwa upole, "Ongeza kama bado hujaridhika." Kovu lile lipo hadi leo, refu kama kijiko.

Anusaya alimtunza miezi minne. Alimbeba mgongoni kumpeleka chooni, mwanaume wa kilo tisini. Alimwosha, alimlisha mkate wa mtama kwa maziwa, na mguu wa kushoto ukaanza kurudisha nguvu kidogo. Wa kulia ulibaki gogo.

Sopan alikuja msimu wa kuvuna miwa, mchana, na panga la kukatia miwa mkononi. Anusaya alikuwa anatwanga pilipili uani, mimi nimekaa mlangoni nikinywa chai. Hindurao alikuwa kitandani chini ya kibaraza. Sopan alimfuata moja kwa moja. Alishusha panga, likazama kwenye mbao ya kitanda, na alipolichomoa kushusha tena, Hindurao alikuwa amesimama. Alitembea hatua tano. Nilizihesabu. Panga lilimchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, lakini alimdaka Sopan shingoni, akampiga kichwa cha mdomo, meno mawili yakaruka. Sopan akaanguka kwenye kinu, pilipili ikamjaa machoni, akaanza kunguruma.

Hapo jirani mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, "Anatembea!"

Hindurao aliinama akaitazama miguu yake. Akaanguka papo hapo, kama shuka iliyokatiwa kamba.

Nilidhani watu wangekimbilia kumfunga jeraha. Walikuja kumpiga. Mwanaume wa nyumba ya pili alimpiga mateke ya tumbo, mwingine alimburuta kwa nywele huku akimwambia asimame sasa, asimame kama alivyosimama. Mimi nilimpiga mmoja wao kwa birika la chai. Lakini kipigo alichokikumbuka Hindurao kilikuwa cha Anusaya. Alivua kandambili, akamchapa usoni mara moja, mara ya pili, bila kelele, machozi yakimtiririka.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne nimekubeba kama maiti. Ulikuwa unanicheka?"

"Anusaya, sijui nilivyosimama. Naapa sijui."

Hakumwamini. Hata mimi sikumwamini. Nilimpeleka Pune kwa sababu mkono wake ulikuwa umeoza kwa lile jeraha, na wale waliomshona ndio waliotuelekeza kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mfupi mwenye mvi, jina lake Vaijayanti. Anusaya alikuja pia, akakaa kwenye kiti cha mbali kabisa.

Daktari alimlaza Hindurao chali. Aliweka kiganja chini ya kisigino cha kulia, akamwambia akikandamize. Hakuna kitu. Kisha akamwambia ausahau mguu huo, anyanyue wa kushoto dhidi ya mkono wake mwingine kwa nguvu zote. Hindurao alinyanyua. Daktari alimwita Anusaya.

"Njoo, mwanangu, weka mkono wako hapa niliposhika mimi."

Anusaya aliweka mkono chini ya kisigino kilichokufa. Mumewe aliponyanyua mguu wa kushoto, wa kulia ulimkandamiza vidole mpaka akavuta pumzi.

Nilimwona Hindurao akigeuza uso ukutani. "Basi na wewe sema," alimwambia daktari. "Sema mimi mwongo."

"Mwongo hawezi kufanya hivi hata akitaka," daktari alimjibu. "Mguu ni mzima. Njia ya kuuamuru ndiyo imeziba, na anayeiziba ni akili yako, bila ruhusa yako. Mtu hutembea kwa sababu haufikirii mguu. Wewe umeulinda kama mfungwa tangu siku ile ya uwanjani. Ulipoanguka na kuumia, akili ilikuwa tayari ina picha ya miguu iliyokufa. Ikaiamini."

Akaeleza kwamba siku ya panga alisimama kwa sababu alikuwa anatazama panga, na alianguka kwa sababu jirani alimkumbusha miguu. Anusaya alikuwa bado ameshika kile kisigino.

Hindurao aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni dhambi yangu, daktari?"

"Sijui. Nina wagonjwa kama wewe ambao hawajawahi kuua hata kuku. Kazi yangu ni kukufundisha kutembea."

Kumfundisha kulichukua miezi minane. Walimtembeza kinyumenyume, kwani akirudi nyuma mguu ulijisahau ukaenda. Walimpa zile njuga tunazochezea sikukuu, wakampigia ngoma, naye akatembea kwa mdundo. Akitazama chini tu, anaanguka. Alivunja kioo cha chumba cha mazoezi kwa ngumi, alimkaba kijana aliyemfundisha mpaka wakamtoa, kesho yake akarudi kuomba radhi. Hiyo ilikuwa radhi ya kwanza niliyomsikia akiomba. Ya pili niliipata mimi kwa mbavu zangu.

Alipoweza kutembea kutoka barabarani hadi nyumbani, alikwenda kwa kina Mane. Nilimsihi asiende. Sopan alifungua mlango, pengo lake mdomoni, akatuacha tupite. Dagadu alikuwa kitandani, amekonda, mikono ndiyo iliyobaki na nguvu.

"Nasikia yako ilirudi," Dagadu alisema.

"Ilirudi, kaka."

"Huyo daktari wako, hawezi kunitazama?"

"Nilimpelekea picha zako za shingo alizokuwa nazo mwalimu. Amesema uzi wako umekatika. Wangu ulikuwa umefungwa fundo."

Dagadu akamwambia asogee, ainame. Hindurao aliinama, na Dagadu akampiga ngumi ya mdomo. Akampiga tena. Alimpiga mpaka mkono wake ukachoka na damu ikachirizika kwenye shuka, na Hindurao, mikono nyuma, aliendelea kuinama. Mama Mane alisimama pembeni akitazama. Mwishowe alisema yatosha, akatuambia tuondoke, na tusirudi.

Dagadu alifariki mwaka wa pili kwa vidonda vya kulala. Habari zilimkuta Hindurao kwenye kiwanda cha sukari, ambako anapakia miwa siku hizi, na mguu wa kulia ukamgomea palepale chini ya mzigo. Alilala siku tatu. Safari hii Anusaya hakumbeba. Alikaa karibu yake akichambua dengu, akimhadithia habari za majirani, nani kaoa, nani kagombana na nani, asimpe nafasi ya kuutazama ule mguu. Siku ya nne Hindurao aliinuka kumfukuza mbuzi aliyeingia jikoni, na alipogundua amesimama, aliendelea tu kumfukuza.